Dawa ikikuunguza ngozi, usikimbilie krimu ya mpakani

WIKI chache zilizopita nilikuwa Busia, upande wa Uganda, nikisubiri mzigo wangu wa mitumba uvuke kutoka Kenya. Jua lilikuwa kali, nikakunja mikono ya shati. Mama mmoja anayeuza vipodozi kando ya barabara, tuliyefahamiana tangu niliporudi nchini, akautazama mkono wangu wa kushoto na kutikisa kichwa.

"Mzee, pole. Hilo baka unatembea nalo la nini?" akaniuliza. Kabla sijajibu alikuwa amekwishatumbukiza mkono kwenye boksi lake na kutoa tyubu ndogo. "Paka hii asubuhi na usiku. Siku tatu tu, utanikumbuka. Wewe nakufanyia bei ya jirani."

Nilitabasamu, lakini moyoni sikuwa na tabasamu. Mama yule hakuwa akinidanganya. Krimu ile kweli ingelifuta lile baka kwa siku chache. Najua hivyo kwa sababu mwaka 2023 niliinunua kwake yeye mwenyewe, ingawa alikuwa amesahau, na ikanifutia kila kitu. Ndiyo hiyo iliyonirudisha nyuma kuliko nilikotoka.

Naandika makala haya kwa watu wa aina mbili, na mimi ni wa aina zote mbili. Kwanza ni sisi tuliorudi nyumbani kutoka ughaibuni tukiwa na dawa ndani ya mabegi. Pili ni sisi tunaotafuta riziki mpakani, ambako tyubu hupita mkono kwa mkono kama vitumbua. Ninalotaka kusema ni moja: dawa halali ya ngozi inaweza kukuunguza, na ikikuunguza, mtu wa kumwendea ni yule aliyekupa dawa. Usiifunike ngozi hiyo kwa krimu ya dukani.

Mimi ni mzaliwa wa Buwenge, kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, kule kwetu kwenye mashamba ya miwa. Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, aliyeendesha malori ya Mombasa, na baadaye Mbale nilikosoma. Mwaka 2004 nilikwenda Uingereza, nikafanya kazi ya kutunza wazee jijini London, na mwaka 2023 nikarudi kwetu.

Mabaka yangu yalianza nikiwa huko, kiunoni na mapajani, mahali ambapo nguo huficha. Yalikuwa meupe kidogo kuliko ngozi yangu, yenye magamba membamba, na yaliwasha hasa usiku. Nikadhani ni choa. Nikapaka dawa ya choa. Baadaye nikaambiwa ni ukurutu, nikapaka dawa ya ukurutu. Yalikuwa yakipungua, yanarudi, yanaongezeka. Miaka saba ikapita hivyo.

Mwaka 2021 daktari wa ngozi alinikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe kwa darubini. Kipande cha kwanza hakikuonyesha kitu, na cha pili vilevile. Cha tatu ndicho kilichosema ukweli: limfoma ya ngozi, hatua ya mwanzo.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili wanaopigana na maradhi. Katika aina hii baadhi ya askari hao huasi, wakaweka kambi kwenye ngozi. Aina inayoonekana zaidi huitwa mikosisi fungoidesi. Jina hilo alilitoa daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, kwa sababu uvimbe wa mgonjwa wake ulifanana na uyoga. Haina uhusiano wowote na fangasi, na wala haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja au kuvaa shati la mtu.

Habari njema ni kwamba ikigunduliwa mapema, kwa walio wengi huenda polepole sana. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, akafanya kazi, akalea wajukuu. Ikiwa bado ipo kwenye mabaka tu, kwa kawaida hutibiwa kupitia ngozi yenyewe, kwa dawa za kupaka au kwa mwanga maalumu, bila zile dripu zinazonyonyoa nywele.

Wapo watakaosema haya ni magonjwa ya Wazungu. Sivyo. Nchini Marekani, ambako hesabu zimewekwa kwa miaka mingi, ugonjwa huu huwapata watu weusi zaidi kuliko weupe, na huwapata wakiwa na umri mdogo zaidi. Na neno limfoma lenyewe lina historia hapa hapa kwetu. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, ambao leo dunia nzima huuita kwa jina lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mganda kuwa na limfoma si jambo geni.

Sasa nije kwenye dawa. Mwaka huo huo wa 2021, chombo kinachoshauri huduma ya afya ya umma ya Uingereza kuhusu dawa kilikuwa kimepitisha jeli iitwayo klometini kwa wagonjwa wa aina yangu. Marekani waliipa kibali mwaka 2013. Asili ya dawa hii ni ya ajabu. Ni jamaa wa gesi ya haradali iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari waligundua kwamba sumu ya ukoo huo hupunguza chembe nyeupe za damu, na mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, walianza kuijaribu kwa mgonjwa wa limfoma. Silaha ikageuzwa dawa.

Kwa kujua asili hiyo, msomaji asishangae kwamba dawa hii huunguza. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, wagonjwa 260 wa Marekani walipaka dawa hii kwa hadi mwaka mzima, wengine wakiwa na jeli na wengine marhamu. Waliopewa jeli, karibu 6 kati ya kila 10 walipata nafuu kubwa. Lakini karibu 1 kati ya kila 5 aliiacha kwa sababu ya ngozi kuwaka. Hao walikuwa na daktari, muuguzi na simu ya kupiga wakati wowote. Je, mtu wa Buwenge?

Mimi niliambiwa mapema. Muuguzi alinikalisha chini karibu nusu saa. Paka mara moja kwa siku, safu nyembamba, kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Subiri dakika tano mpaka kumi kabla ya kuvaa. Usifunge bendeji juu yake. Anayekupaka mgongoni avae glavu, na mjamzito asiiguse. Usikaribie moto kabla haijakauka, kwa sababu inawaka. Ukishaifungua itunze kwenye friji, na baada ya siku 60 itupe. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitilia maanani siku ile: "Itakuwasha. Ikikuzidi, acha, unipigie. Usiache kimyakimya."

Wiki ya sita ndipo moto ulipowaka. Mabaka yalivimba, yakawa ya moto, mengine yakatoa malengelenge. Karatasi ya dawa ilisema nitazame wekundu. Ndugu yangu, ngozi yangu mimi haiwi nyekundu! Iligeuka nyeusi ya zambarau, kama ndizi iliyobonyezwa. Nilikaa siku nne nikingoja wekundu huku nikiungua, ndipo nikapiga simu.

Jibu lilikuwa rahisi. Niliambiwa nisimame kwanza. Ngozi ilipopoa, nikaanza tena, mara moja kila siku ya tatu. Wiki moja ikapita salama, nikapaka siku moja nikiruka moja, kwa wiki nyingine. Kisha nikarudi kila siku. Madoa meusi yalibaki kwa miezi kadhaa, lakini mabaka yenyewe yalianza kufifia. Hivyo basi, kuwaka kule hakukuwa mwisho wa dawa. Ilikuwa ni hatua ya safari, na kulikuwa na mtu wa kunishika mkono.

Mwaka uliofuata nikarudi nyumbani. Nilipewa tyubu za kuanzia, barua ya daktari, na boksi la barafu. Barua nikaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na vyeti vya shule. Nilijiona mjanja: dawa ninayo, ninajua kuipaka, daktari wa nini tena?

Nyumbani si London. Umeme ulikatika siku tatu, jeli ikalala kwenye friji yenye joto. Shangazi yangu alikuwa akipika kwa sigiri barazani, na mimi napaka dawa inayoshika moto hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa nikioga kwa maji ya ndoo na kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa haraka, nikiwahi gari la Busia. Jasho la mpakani likamalizia kazi. Haikupita muda, shingo na mikono ikawaka upya, tena vibaya.

Wiki hiyo tulikuwa na sherehe ya kumpokea mchumba wa mpwa wangu. Ukumbi umejaa, kanzu imenishika shingo iliyochubuka, na kila nikigeuka naona macho. Kwetu mtu akirudi kutoka ng'ambo na ngozi imeharibika, watu hawaulizi. Wanajua tayari! Nilisikia kwa masikio yangu: "Kumbe ndiyo maana amerudi."

Kesho yake nilikuwa Busia, na nikamwonyesha mama wa vipodozi shingo yangu. Tyubu ile ilikuwa mchanganyiko wa steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Siku ya pili muwasho ukakoma. Siku ya nne malengelenge yakakauka. Baada ya wiki mbili hata mabaka ya zamani ya kiunoni, yaliyonisumbua miaka tisa, yakawa hayaonekani. Nikasema nimepona. Jeli ya London nikaitupa. Nikawa nanunua tyubu mbili kila nikipita mpakani.

Miezi mitano baadaye nilipojaribu kuacha, ngozi ililipuka. Mabaka yalirudi mazito kuliko mwanzo, mengine mahali ambapo hayakuwahi kuwapo, na ngozi ya mapajani ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na michirizi juu yake. Hapo ndipo nilipofukua ile barua kwenye sanduku na kupanda basi kwenda Kampala.

Daktari aliyenipokea hakunigombeza. Aliniambia mambo ambayo ningependa kila mfanyabiashara wa mpakani ayasikie, nami nayaeleza kwa maneno yangu.

La kwanza, ngozi inapowaka kwa dawa, kuna namna mbili. Ipo ngozi inayochubuliwa na ukali wa dawa. Hiyo hupumzishwa, kisha dawa hurudishwa kidogo kidogo. Na upo mzio, yaani mwili wenyewe umeikataa dawa. Huo huenda ukalazimu dawa kubadilishwa. Namna hizi mbili zinafanana kwa macho ya mtu wa kawaida. Daktari hutofautisha kwa kutazama, kuuliza na wakati mwingine kupima. Ukimpelekea ngozi ambayo umekwisha ipaka krimu ya mpakani, umefuta nyayo ambazo angezifuata.

La pili, steroidi huituliza limfoma ya ngozi bila kuiambia kwaheri. Mabaka hulala, lakini siyo kila mara kwamba yamekufa. Hata kipande cha ngozi kikikatwa wakati huo, darubini inaweza kusema hakuna kitu. Ilinilazimu kuacha krimu zote kwa wiki kadhaa, nikiwa nimeungua na kujikuna usiku kucha, ili kipande kipya kiweze kusema ukweli.

La tatu lilinishangaza kuliko yote. Dawa aliyoniandikia ilikuwa ni steroidi! Steroidi kali ya kupaka ni miongoni mwa tiba zinazokubalika za ugonjwa huu katika hatua ya mwanzo, na inaweza pia kutumiwa kutuliza ngozi iliyounguzwa na jeli. "Sasa, daktari," nikamwambia, "si ndiyo ile ile ya Busia?" Akanijibu kwamba dawa inaweza kuwa ile ile, lakini yeye ameandika ni ipi, kiasi gani, wapi, kwa wiki ngapi, na lini nirudi aitazame. Na asingeniongezea dawa ya fangasi wala ya bakteria nisiyoihitaji.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa hoja yangu. Tumezoea kugawa dawa kuwa nzuri na mbaya. Jeli inaunguza, basi mbaya. Krimu inatuliza, basi nzuri. Kumbe dawa inayouma ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, na ile inayobembeleza ndiyo iliyokuwa ikificha adui. Tofauti kati ya tiba na balaa ilikuwa ni jicho la mtu anayejua, linalotazama ngozi ile ile mwezi baada ya mwezi.

Msomaji anaweza kuniuliza: ugonjwa wenyewe ni nadra, kwa nini utusumbue na habari zako? Swali ni la haki. Nami najibu kwamba tyubu ile haichagui ugonjwa. Ukiipaka kwenye choa, muwasho unapoa huku choa kikitambaa na kubadili sura hadi daktari asikitambue. Ukiipaka kila siku usoni, inaleta chunusi, ngozi nyembamba, na karibu na macho inaweza kudhuru hata kuona. Ukiipaka mwili mzima miezi mingi, inaingia kwenye damu, ikavuruga sukari na shinikizo.

Na upo ukoma. Watu wa Busoga tunaijua Hospitali ya Buluba, wilayani Mayuge, iliyoanza miaka ya 1930 kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Dalili ya ukoma mara nyingi ni baka jeupe lisilo na hisia. Ukoma unatibika kwa vidonge, na ukiwahi hauachi kilema. Lakini mtoto mwenye baka hilo akipakwa krimu ya mpakani mwaka mzima, tunachochelewesha ni vidole vyake.

Sasa niwageukie wafanyabiashara wenzangu, kwa heshima. Najua mtakachosema, kwa sababu nimekisema mwenyewe: nisipouza mimi atauza mwingine, watoto wanataka karo, mteja ndiye anayeomba. Yote ni kweli. Wala sikubaliani na ile tabia ya kumkamata mama mwenye boksi moja huku lori lililoleta maboksi elfu likipita usiku. Mzigo haukuanzia kwake.

Lakini tuambiane ukweli. Utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umetuwezesha kuvusha mizigo isiyozidi dola 2,000 kwa karatasi rahisi, na kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018 kimepunguza kuzungushwa. Hizo ni neema kwa nyanya, mahindi na mitumba. Steroidi si nyanya. Ni dawa ya kuandikiwa, na Uganda tunayo Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa tangu mwaka 1993 kwa ajili hiyo. Na zile za kung'arisha zenye zebaki na haidrokwinoni hazina hata mjadala, ni marufuku. Uganda iliridhia mwaka 2019 Mkataba wa Minamata dhidi ya zebaki. Tukiziweka boksi moja na mafuta ya nazi, tunamfanya mteja aamini vyote ni vipodozi.

Sisemi mwache biashara ya urembo. Uzeni sabuni, mafuta ya mgando, marashi, nywele. Lakini mteja akija na ngozi iliyovimba au baka lililokaa zaidi ya miezi mitatu, mwambieni neno moja tu: "Hili likaonwe." Neno hilo halina mtaji, na linaweza kuwa na thamani kuliko boksi zima.

Kwa wenzangu tuliorudi, iwe ni kutoka Uingereza, Oman, Dubai au Afrika Kusini, nasema tusirudie ujinga wangu. Kabla hujapanda ndege, omba barua yenye jina la ugonjwa, jina la dawa lisilo la kibiashara, kipimo chake, na nini kifanyike ngozi ikiwaka. Barua hiyo iweke juu ya sanduku. Uliza mapema kama dawa hiyo inapatikana nyumbani na inahitaji friji. Kama haipatikani, jadili na daktari wako tiba nyingine ambayo utaweza kuifuata huku, badala ya kuja na tyubu mbili na matumaini. Na wiki ya kwanza ya kurudi, kabla ya sherehe za kukaribishwa, tafuta daktari wa ngozi umwonyeshe ngozi ikiwa imetulia, ili siku ikiwaka ajue ilikuwaje.

Kwa wauguzi na madaktari wetu ombi langu ni dogo. Mnapompa mtu dawa ya kupaka inayoweza kuunguza, mwambieni kabla. Mwambieni kwa Kisoga, kwa Kigisu, kwa Kiswahili, kwa lugha anayootea ndoto. Mwambieni kwamba kwenye ngozi nyeusi msishangae kutouona wekundu. Atazame weusi mpya, joto, uvimbe na malengelenge. Mpeni siku ya kurudi hata kama hana tatizo. Mgonjwa aliyeonywa akiungua anasema, "Waliniambia." Asiyeonywa anasema, "Wameniua," na anakwenda mpakani.

Kwa serikali, hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zinahudumia watu wengi mno kiasi kwamba safari ya Kampala isingepaswa kuwa jibu la kila baka. Iwepo siku maalumu inayojulikana ya ngozi, itangazwe redioni, na maofisa tabibu wa vituo vya afya vya vijijini wafundishwe kuhusu ngozi. Majirani zetu wa Tanzania walianzisha Moshi, mwaka 1992, kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya ukanda huu wote, na maofisa tabibu wamepita pale wakarudi kuhudumia vijiji. Njia ipo, na imekwisha kukanyagwa.

Mimi sasa naendelea. Baka la mkono wa kushoto bado lipo, dogo, nalijua ukubwa wake kwa rula. Nalipaka nilichoandikiwa, kwa siku nilizoandikiwa, na miadi yangu siikosi hata mzigo ukinisubiri Busia.

Na yule mama? Siku ile nilikaa kwenye kigoda chake nikamweleza yote haya, pamoja na kwamba tyubu ile ya 2023 niliinunua kwake. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mzee, kuna binti huja kila Jumamosi. Ana doa jeupe shingoni. Mwaka wa pili huu namuuzia."

Nilipopita tena baada ya wiki mbili, hakungoja nimwulize. Alisema binti alikuja, naye hakumuuzia; alimwambia aende hospitali Mbale akaonwe. Binti alikasirika, akaenda kwa muuzaji wa pili. Jumamosi iliyofuata akarudi, akamwuliza, "Mama, ulisema niende Mbale niulizie wapi?"

Mama alipoteza faida ya tyubu mbili. Nami nawaomba wenzangu wa Busia, Malaba na Lwakhakha tukubali kuipoteza faida hiyo, kabla hatujapoteza mtu.